Adabu ya Mwombaji

Kuomba ni jambo lenye adabu zake, na adabu ya kwanza ni kwamba mwombaji afike mlangoni akiwa na sura ya haja yake. Wahenga walisema kuwa mwomba chumvi huombea chungu chake. Basi hapana budi chungu kionekane, tena kionekane kitupu. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2008 watu watatu waliisahau adabu hii mbele ya macho ya ulimwengu, nao hawakuwa watu wadogo. Walikuwa wakuu wa makampuni matatu makubwa ya motokaa ya Marekani: Rick Wagoner wa General Motors, Alan Mulally wa Ford, na Robert Nardelli wa Chrysler. Walitoka Detroit, mji ambao kwa muda wa karne nzima jina lake na jina la motokaa yalikuwa kama mtu na kivuli chake, wakaenda Washington kuliomba Bunge la nchi yao mkopo wa dola bilioni 25. Kila mmoja alikwenda na ndege ya kampuni yake. Njia ilikuwa moja, siku ilikuwa moja, haja ilikuwa moja. Ndege zilikuwa tatu.

Ulikuwa mwaka wa hasira. Mabenki yalikuwa yametikisika, nyumba za watu zilikuwa zikinadiwa, na katika mwezi wa Oktoba Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha dola bilioni 700 za kuokoa fedha za nchi. Mabenki yalipewa sehemu kubwa ya fungu hilo bila wakuu wao kupandishwa kwanza katika baraza la hadhara na kuulizwa juu ya mwenendo wao. Waunda motokaa hawakupata bahati hiyo. Tarehe 19 Novemba waliketi mbele ya kamati ya fedha ya Baraza la Wawakilishi, na mjumbe mmoja wa New York, Gary Ackerman, akawafananisha na mtu anayefika katika jiko la maskini kuomba supu ya bure, naye amevaa kofia ndefu na suti ya karamu. Akawauliza kama hawakuweza walau kushuka hadi daraja la kwanza la ndege ya abiria, au kupanda ndege moja wote watatu. Mjumbe wa California, Brad Sherman, akataka wanyoshe mikono wale waliokuja kwa ndege ya abiria. Hapana mkono ulioinuka. Akataka tena wanyoshe mikono wale walio tayari kuuza ndege zao papo hapo na kurudi makwao kama watu wengine. Mikono haikuinuka. Sherman akataka iandikwe katika kumbukumbu za kikao kuwa hapana mkono ulioinuka, na ikaandikwa.

Sasa na itazamwe hesabu, maana hasira haina mizani. Waandishi wa magazeti walikadiria kuwa safari ile ya General Motors, kwenda na kurudi, iligharimu kama dola 20,000. Kiasi hicho huingia mara 1,250,000 katika mkopo ulioombwa. Tena General Motors ilikuwa imeteketeza dola bilioni 6.9 za fedha taslimu katika miezi mitatu ya Julai, Agosti na Septemba ya mwaka ule. Aigawaye hesabu hiyo kwa siku, kisha kwa saa, kisha kwa dakika, ataona kuwa zaidi ya dola 50,000 zilikuwa zikitoweka kila dakika, usiku na mchana, siku ya kazi na siku ya mapumziko. Safari iliyowachoma wabunge moyo ilikuwa sawa na hasara ya muda usiotimia nusu dakika. Pengine wajumbe walipokuwa wakiuliza habari za ndege, na wakuu wakijikuna vichwa kutafuta jibu, gharama ya ndege ilikwisha kupotea mara kadhaa.

Kwa nini basi ndege ziliuma kuliko mabilioni? Kwa sababu akili ya mwanadamu haiwezi kuiona bilioni. Ni neno tu, kama jina la nyota ya mbali. Lakini kila mtu aliyepata kupanga mstari katika kiwanja cha ndege, akavua viatu na mshipi mbele ya mlinzi, kisha akaketi magoti yakigusa kiti cha mbele, anajua barabara maana ya kuwa na ndege yako inayokungoja. Watu hawakukasirikia fedha. Walikasirikia kuona kuwa wale wanaotaka kuokolewa pamoja nao hawaishi pamoja nao.

Haki inataka ndege nazo zipate mtetezi. Marekani ni nchi pana, na viwanda vyake vingi vimo katika miji midogo isiyofikiwa na ndege za abiria ila kwa kuzunguka. Mkuu wa kampuni mwenye viwanda katika majimbo matatu aweza kuvizuru vyote kwa siku moja kwa ndege yake, kazi ambayo ingemchukua siku tatu au nne kwa njia ya kawaida. Aweza pia kuzungumza na wasaidizi wake njiani bila sikio la jirani. Ikiwa uamuzi wake mmoja una thamani ya mamilioni, saa zake nazo zina thamani, na si upuuzi kuzinunua. Huu ndio utetezi wa ndege za biashara, nao ni utetezi wa kweli. Kasoro yake ni moja tu kwa kadiri ya habari hii: kati ya Detroit na Washington ndege za abiria hupita kila siku, tena nyingi, na hapakuwa na kiwanda cha kuzuru njiani. Hoja njema ililetwa kutetea safari isiyoihitaji.

Alan Mulally, yafaa kukumbukwa, hakuwa mtu wa motokaa kwa asili. Maisha yake karibu yote ya kazi aliyatumia Boeing, akiunda ndege za abiria, na alijiunga na Ford mwaka wa 2006 tu. Ni ajabu kidogo kwamba katika watatu wale alikuwamo mmoja aliyejua kuliko mjumbe yeyote wa Bunge jinsi viti vya ndege ya abiria vilivyopangwa.

Wiki mbili baadaye wakarudi Washington, na mara hii walikuja kwa barabara. Maili 520 hivi, katika baridi ya mwanzo wa Desemba. Kila mmoja alichagua motokaa chotara, yaani ile yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Mulally alikuja na Ford Escape, Wagoner na Chevrolet Malibu, na Nardelli na Chrysler Aspen. Picha zao zilipigwa kwa wingi. Wagoner akazidi kidogo: sehemu ya mwisho, hadi penye majengo ya Bunge, alifika katika motokaa ya majaribio yenye mitambo ya Chevrolet Volt, motokaa ya umeme ambayo ilikuwa bado haijaanza kuuzwa popote. Ford ikatangaza kuwa itauza ndege zake. Wakaahidi na mshahara wa dola moja kwa mwaka. Toba ilikuwa kamili, na kwa kuwa toba hupandisha bei, maombi ya makampuni matatu yalikuwa sasa yamefika dola bilioni 34.

Lakini ile Aspen ya Nardelli ilikuwa na siri ndani yake. Motokaa hiyo iliundwa katika kiwanda cha Newark, katika jimbo la Delaware, na mwezi wa Oktoba, yaani kabla ya kikao cha kwanza, Chrysler ilikwisha kutangaza kuwa kiwanda kile kitafungwa kabla ya mwaka kuisha. Namna ya chotara ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kutoka. Basi mkuu wa Chrysler alikwenda kulionyesha Bunge mustakabali wa kampuni yake akiwa ameketi ndani ya motokaa iliyokwisha kuhukumiwa kufa. Kama ndege ilikuwa kosa la mtu asiyejali kuonekana, motokaa hii ilikuwa kosa la mtu anayejali kuonekana tu. Ni vigumu kusema lipi kubwa.

Hapa ndipo habari ya umeme inapoingia, nayo ni nzito kuliko habari ya ndege. Motokaa ya umeme si mgeni katika Detroit. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ziliundwa mjini humo motokaa zilizoitwa Detroit Electric. Hazikuwa na moshi wala kishindo, na hazikuhitaji mtu wa kuzungusha kishikio cha chuma kwa nguvu ili injini iwake. Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha moja ya mwaka wa 1914, ilhali mumewe alikuwa akiujaza ulimwengu motokaa za petroli. Mtu hawezi kuishi nyumba moja na hoja ya kupinga biashara yake kuliko hivyo. Kilichoziua motokaa zile hakikuwa fitina. Betri zilikuwa nzito, mwendo ulikuwa mfupi, motokaa ya Ford ilizidi kushuka bei, na mwaka wa 1912 Cadillac ilianza kuuzwa na mota ndogo ya umeme ya kuwashia injini, kazi ya Charles Kettering. Kwa namna hiyo umeme wenyewe ulitumika kumsaidia mshindani wake.

Kifo cha pili kilikuwa cha namna nyingine. Mwaka wa 1990 jimbo la California, ambalo hewa yake ilikuwa imechafuka hata milima haionekani siku nyingine, liliamuru kwamba kuanzia mwaka wa 1998 asilimia 2 ya motokaa mpya za makampuni makubwa ziwe hazitoi moshi kabisa, na ifikapo mwaka wa 2003 ziwe asilimia 10. General Motors ikaunda EV1, ikaitoa mwaka wa 1996. Kwa ushuhuda wa walioiendesha ilikuwa motokaa nyepesi kama swala, ya kimya, yenye umbo la tone la maji. Ziliundwa 1,117 tu, na hakuna hata moja iliyouzwa. Mtu aliikodi, na mkataba ulipokwisha aliirudisha. Wakati huohuo makampuni yalikuwa yakipambana na amri ya California mahakamani na nje ya mahakama, na mwaka wa 2003 amri ikalegezwa. General Motors ikazikusanya motokaa zake, na nyingi zikapondwapondwa katika mashine.

Mwaka wa 2005 watu walikesha nje ya uzio wa kituo kimoja huko Burbank, California, ambako zilikuwa zimebaki motokaa 78. Hawakuwa wakiomba chochote cha bure. Walijitolea kulipa dola milioni 1.9, yaani zaidi ya dola 24,000 kwa kila moja, na kampuni ikakataa. Kampuni ilikuwa na sababu zake: vipuri havikuwapo, kazi nzima ilikuwa imekula fedha nyingi na kurudisha kidogo, na motokaa isiyo na fundi wala vipuri yaweza kumwua mtu na kumleta mwenye kampuni mahakamani. Sababu hizi si za uongo. Walakini mtu aliyeona wateja wakilia nje ya uzio na fedha mikononi, kisha baada ya miaka mitatu akamwona aliyezikataa fedha hizo akizipigia magoti fedha za serikali, asamehewe akitikisa kichwa.

Kilichochukua nafasi ya EV1 katika fahari ya kampuni kilikuwa Hummer. General Motors ilinunua haki ya jina hilo mwaka wa 1999, na mwaka wa 2002 ikatoa H2, motokaa ya karibu tani tatu iliyochukua sura yake katika gari la vita. Watu waliipenda, na kosa si la kampuni peke yake. Mfanyabiashara huuza kinachonunuliwa, na petroli ilikuwa rahisi. Lakini mwezi wa Juni mwaka wa 2008 galani ya petroli ilipita dola 4 katika Marekani, na mapenzi yale yakafa katika muda wa majira moja. Wagoner alikuwa amekwisha kuungama mwaka wa 2006, alipoulizwa na gazeti moja la motokaa, kwamba katika maamuzi yake yote lile la kuiacha EV1 na kutoweka fedha katika motokaa chotara ndilo alilolijutia zaidi. Alisema halikuidhuru faida ya kampuni, lakini liliidhuru sura yake. Maneno haya yanastahili kusomwa mara mbili. Mwaka wa 2006 mkuu wa kampuni aliona kuwa kilichopotea ni sura.

Volt, basi, ilizaliwa kutafuta sura, na haidhuru; mambo mengi mema yamezaliwa kwa nia hafifu. Baba yake alikuwa Bob Lutz, makamu wa mwenyekiti, mzee aliyependa injini kubwa. Alichomeka moyoni alipoona kampuni changa ya California, Tesla, yaweza kuahidi motokaa ya umeme ilhali General Motors inasema haiwezekani. Lutz hakuwa mfuasi wa wale wanaohofia joto la dunia. Alilikana jambo hilo waziwazi. Tena alikuwa rubani, na katika mali zake zilikuwamo helikopta na ndege ya kivita iliyostaafu. Kwa hiyo motokaa ambayo Wagoner aliipanda mbele ya Bunge kuwa ishara ya toba, ililelewa na mtu aliyependa kuruka na ndege yake mwenyewe kuliko wote. Anayependa kugawa watu katika mafungu mawili, wa umeme huku na wa ndege kule, hatapata pa kumweka Lutz. Wala hatapata pa kumweka Elon Musk, ambaye kampuni yake ya Tesla ilikopa dola milioni 465 za serikali mwaka wa 2010, ikazilipa zote mwaka wa 2013, na kuifanya motokaa ya umeme itamaniwe na vijana duniani, huku yeye mwenyewe akisafiri kwa ndege yake binafsi.

Yaliyofuata yanajulikana. Muswada wa kuyasaidia makampuni ulikwama katika Seneti tarehe 11 Desemba, na siku nane baadaye Rais George W. Bush akatoa dola bilioni 17.4 kutoka fungu la mabenki, kwa General Motors na Chrysler. Miongoni mwa masharti yake lilikuwamo la kuachana na ndege. Machi mwaka wa 2009 Wagoner aliondoka kwa shauri la serikali mpya ya Obama. Chrysler iliingia katika sheria ya kufilisika tarehe 30 Aprili, General Motors tarehe 1 Juni. Ford haikuchukua fedha zile, lakini si kwa utakatifu. Mwaka wa 2006, mabenki yalipokuwa bado na mikono wazi, ilikuwa imekopa dola bilioni 23.5 na kuweka rehani karibu kila ilichokuwa nacho, hata ile nembo yake ya duara la buluu. Ilikwenda kuomba kabla ya njaa, ndiyo maana hakuna aliyeuliza imekuja kwa chombo gani.

Mahali ambapo habari hii haisimuliwi sana ni Wichita, katika jimbo la Kansas. Ndege ndogo za biashara za Marekani ziliundwa huko kwa wingi, na Cessna, Hawker Beechcraft na Learjet zote zilikuwa na karakana zao katika mji huo mmoja. Baada ya kikao cha Novemba kampuni yoyote iliyoogopa magazeti iliogopa kuonekana na ndege. Benki ya Citigroup, iliyokuwa imepokea fedha za serikali, ilifuta ununuzi wa ndege ya dola milioni 50 mwezi wa Januari mwaka wa 2009 kwa kelele za umma. Si aibu peke yake iliyoangusha biashara hiyo. Uchumi wenyewe ulikuwa umezimia. Lakini aibu ilisukuma palipokuwa pakiinama. Maelfu ya mafundi wa Wichita walipoteza kazi, na mwaka wa 2012 Hawker Beechcraft nayo ikafilisika. Mfuaji wa mabati ya mbawa katika Kansas na mfungaji wa milango ya motokaa katika Michigan ni mtu yule yule: mshahara wa aina ile ile, chama cha wafanyakazi, nyumba yenye deni la benki. Washington ilimwokoa mmoja kwa mkono wa kulia, na kwa kidole cha mkono wa kushoto ikamsonta bosi aliyepanda kazi ya mwenziwe. Nyasi huumia tembo wapiganapo, na hapa nyasi hazikuonekana hata katika picha.

Vivyo hivyo kwa upande wa umeme. Betri nyingi za motokaa za leo zina kobalti ndani yake, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka kusini ya Kongo, katika nchi ya Kolwezi na Lubumbashi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya shimo la machimbo. Wako huko wanaoichimba kwa sururu na mikono. Motokaa isiyotoa moshi California imekwisha kutoa vumbi Kolwezi, na vumbi hilo halipimwi na amri ya jimbo lolote. Hii si hoja ya kurudi kwenye petroli, ambayo nayo ina damu na vumbi lake tangu Texas hadi Niger. Lakini yule anayeipanda motokaa ya umeme kwa ajili ya kuonekana amefanya toba, apande akijua kuwa na yeye amekuja na ndege, ila imeegeshwa mbali.

Volt ilianza kuuzwa Desemba mwaka wa 2010, ikaachwa mwaka wa 2019. Serikali iliuza hisa zake za mwisho katika General Motors mwaka wa 2013, na kwa jumla ilipoteza zaidi ya dola bilioni 10 katika kampuni hiyo. Viwanda vimebaki, na watu wake wengi wamebaki kazini. Ama zile EV1, chache zilisalimika na kugawiwa vyuo na nyumba za makumbusho, nyingi zikiwa zimeharibiwa mitambo kwanza ili zisitembee tena barabarani. Moja ilipewa makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani. Makumbusho hayo yako Washington, mwendo mfupi tu wa miguu kutoka majengo ya Bunge.